Kozi ya blues kwa nyuzi mbili mbili: uzoefu wangu hapa Tanga

Nimeimaliza kozi ya gitaa kwa video inayofundisha wimbo mmoja tu wa blues, mwanzo hadi mwisho, kwa dabo stopu, yaani kupiga nyuzi mbili kwa pamoja badala ya uzi mmoja mmoja au kodi nzima (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja). Nililipia kama shilingi 40,000, nikaipakua kwenye simu. Mpiga rithimu anayetaka na yeye kuongea kwenye wimbo, ainunue. Anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza asubiri kidogo, na nitaeleza sababu.

Wimbo uko kwenye ufunguo wa A, yaani A ndiyo nyumbani kwake, na una vipimo 12 (vipande vya muda vilivyo sawa): vinne vya kodi ya A7, viwili vya D7, viwili vya kurudi A7, kisha E7 kimoja, D7 kimoja, na viwili vya kufungia. Ni mzunguko ule ule uliopigwa Mississippi na Chicago, na mwalimu hapotezi muda nao. Anakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo kwangu mimi peke yake linalipa bei ya kozi. Weka kidole uzi wa tatu (tukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa) freti ya 6, yaani kwenye kigawanyo cha sita cha shingo ya gitaa, kingine uzi wa pili freti ya 8. Noti hizo mbili, C# na G, zinatosha kusema A7. Shusha umbo lote freti moja kuelekea kichwa cha gitaa, umepata D7. Rudi ulipokuwa, panda freti moja, hiyo ni E7. Kodi zote za wimbo zimepatikana kwa vidole viwili, na umbo halijabadilika hata kidogo!

Miaka yote nimekuwa nikizikamata kodi hizo kwa mkono mzima na hakuna aliyewahi kunionyesha hivi. Mwalimu anafafanua vizuri: katika kodi ya saba, kama hizi A7, D7 na E7, ladha inabebwa na noti ya tatu na ya saba, na ile ya msingi, inayoipa kodi jina, unaweza kumwachia mpiga besi. Ukishuka nusu toni, yaani freti moja, noti zako mbili zinabadilishana kazi. C# iliyokuwa ya tatu kwenye A7 inakuwa C, ambayo ni ya saba ya D7. Na G iliyokuwa ya saba inakuwa F#, ya tatu ya D7. Nilisimamisha video nikalipitia hilo polepole mpaka likakaa, na tangu hapo nalitafuta kwenye kila ufunguo.

Sehemu ya pili inahusu freti ya 5. Unalaza kidole cha kwanza juu ya uzi wa pili na wa tatu, unapiga zote mbili, halafu papo hapo unagonga freti ya 6 ya uzi wa tatu kwa kidole cha kati. C inageuka C# huku E ya uzi wa pili ikiendelea kulia. Ukiichelewesha kidogo tu ile C, blues inasikika. Ukiiwahisha, inakuwa pambo la kawaida. Hapa mwalimu anapiga mara nyingi bila kusema neno, na nampongeza kwa hilo.

Mtu wa Tanga hafiki kwenye somo hili mikono mitupu. Huu ni mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za muziki wa dansi. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz kabla ya kwenda kuanzisha bendi ya Simba Wanyika Kenya mwaka 1971. Kwenye dansi hilo gitaa la solo hutembea kwa nyuzi mbili kila wakati, noti zikifuatana kwa umbali wa noti tatu au sita, kwa hiyo sikio letu limeshazoea. Tofauti niliyoiona ni moja, na ni kubwa. Kwenye dansi, A ya nyumbani ni A tulivu. Ukiitia noti ya saba, inaomba kwenda D. Kwenye blues, A7 yenyewe ndiyo nyumbani. Unaanza na ile saba na unaweza kumaliza nayo. Mpiga dansi atahitaji muda kuizoea, na kozi haimwandai kwa hilo kabisa.

Upungufu mkubwa zaidi ni mapigo. Shafu, ambapo pigo moja linagawanywa mara tatu na wewe unapiga la kwanza na la tatu, imepewa maelezo ya haraka mno. Mkono uliozoea rumba, ambayo hugawanya pigo sawasawa, unakwama hapo. Mimi niliweka gitaa chini nikapiga makofi na kuhesabu kwa mdomo kwanza. Anayeanza kabisa ataachwa nyuma, na ndiyo maana nimesema asubiri.

Kuna pia zoezi la kuvuta nyuzi mbili kwa pamoja, yaani kuzisukuma pembeni kwa vidole ili sauti ipande. Kwenye gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba za unene wa namba 10 linawezekana. Kwenye gitaa kavu lenye nyuzi nene zaidi za namba 12, uzi wa tatu umezungushiwa waya na hauvutiki kirahisi, basi teleza kutoka freti ya chini yake badala ya kuumiza vidole. Na sisi tunaokaa karibu na bahari, tufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila tukimaliza kupiga. Uzi wenye kutu hautelezi, na kozi hii ni ya kuteleza mno.

Mwishoni kuna nyongeza ya ufunguo wa E, na ni tamu sana. Unachukua uzi wa kwanza na wa tatu, freti ya 4 zote mbili, unashuka ya 3, ya 2, kisha uzi wa tatu freti ya 1 na wa kwanza mtupu, halafu B7 ya kukurudisha mwanzo. Uzi wa pili ulio katikati unauzima kwa kidole, huku piki (kidude cha kupigia nyuzi) ikipiga wa tatu na kidole cha kati cha mkono wa kulia kikidonoa wa kwanza. Maelezo yote ni kwa Kiingereza chepesi, ila michoro ya nyuzi sita yenye namba za freti iko kwenye kila somo, na mwenye kuisoma anaweza kufuata hata bila lugha.