Kitufe cha mwanga kisicho na "kidogo"

Hii programu ya kuediti nimeitumia miezi minane ofisini kwangu Sinza, na sitaki kuionea. Kukata picha, kufuta chunusi, kupanga mafaili, iko vizuri. Hata umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi unaendelea ulipoishia. Ugomvi wangu nayo ni kitufe kimoja tu, kile cha kurekebisha mwanga chenyewe. Ukitaka kifanye nusu, hakuna. Unawasha au unazima, kama taa ya chooni.

Mwezi uliopita nilipiga sendofu Kigamboni, ukumbi wa taa za njano. Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya bibi yake bi harusi: kakaa pembeni, kajitanda kanga, nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu kivulini, anamtazama mjukuu wake akicheza. Kile kivuli nilikiacha makusudi. Nikaingiza picha mia nne na kitu, nikatoka kununua chipsi. Narudi, zote zimeshapitiwa! Kumbe baada ya kusasishwa, kile kitufe kinajiwasha chenyewe ukiingiza picha. Bibi kawa wa kijivu kama kapakwa majivu. Ukuta nyuma yake umejaa chenga, na maandishi meupe ya kanga yameungua, hayasomeki.

Kosa langu ni kwamba nilimtumia mama mtu chache kwa WhatsApp kabla sijazikagua. Akapiga simu: "Mwanangu, mbona mama yangu umemfanya mzungu?"

Ninavyoelewa, ni hesabu tu. Mita za kamera, zile zinazopima mwanga, tangu zamani zinachukulia kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye picha unapata kijivu cha wastani, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Vitufe vya namna hii navyo vinavutia huko huko katikati: penye giza vinapandisha, penye mwangaza mwingi vinashusha. Kwa hiyo ngozi nyeusi kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, kwake ni kasoro. Na bi harusi akijaza picha kwa shela jeupe, shela linachafuka. Kwenye JPEG, lile faili la picha la kawaida, ndiyo balaa zaidi, maana kila rangi ina ngazi 256 tu, kuanzia 0, na sehemu ikishagonga ya juu kabisa, 255, ukahifadhi, hapo hakuna cha kurudisha. Mimi niliponea kwa sababu nilipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na kadi nilikuwa sijaifuta. Nikakesha.

Siku hizi natoa nakala mbili, ya asili na iliyopitiwa na kitufe, nazipandanisha kwenye programu nyingine yenye leya, yaani tabaka za picha, kisha ya juu naififisha mpaka asilimia 30 hivi. Yaani natengeneza kwa mkono ile slaida, kile cha kuvuta kuongeza au kupunguza, waliyoninyima. Kwa picha moja ni dakika mbili. Kwa mia nne, piga hesabu mwenyewe.

Niliwaandikia wenye programu. Wakajibu kwamba wamerahisisha kwa ajili ya mtumiaji. Mtumiaji gani, sijui. Mimi ndiye ninayelipa kila mwezi.

Kama picha zako ni za mchana pale Coco Beach na zinaishia kwenye status, itakutosha. Kwa kazi ya kumbi, nyota mbili. Ukiinunua, kabla hujaingiza picha hata moja, nenda kwenye mipangilio ukazime kile kitufe, na kila ikisasishwa rudi ukaangalie tena. Ile ya bibi nimeshaiprinti, na kivuli chake.