Uzoefu wangu: konea na lenzi bandia, mara moja au kwa awamu?

Jicho la kulia nilifanyiwa yote kwa mkupuo: konea nzima (kioo angavu cha mbele ya jicho) ikabadilishwa, mtoto wa jicho akatolewa, lenzi bandia ikawekwa. La kushoto lilianza na konea, lenzi ikafuata nyuzi zilizoishona konea zilipokwisha kutolewa. Nyota tano naipa njia ya pili, ingawa inachosha.

Tatizo ni namba ya lenzi. Huhesabiwa hasa kwa urefu wa jicho na mkunjo wa konea, na konea uliyopimwa ndiyo hiyo inayokatwa na kutupwa. Daktari anabaki kukadiria mkunjo wa konea mpya ambayo bado haijashonwa. Akikosea dayopta moja (kipimo cha nguvu ya lenzi) ya mkunjo, namba ya miwani nayo husogea kama dayopta moja. La kulia limeishia −4. Hospitali ilininadia bei ya pamoja, lakini hili hakuna aliyenitajia.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hatulioni. Konea ikishatolewa, jicho liko wazi juu, na ute wa nyuma unasukuma lenzi itoke. Kapsuli, yaani kifuko kinachoshika lenzi, ikipasuka hapo, pa kuegesha lenzi bandia panakuwa finyu. Mshipa wa nyuma ukivuja damu, jicho lenyewe linaweza kupotea. Ndiyo maana presha ya jicho hushushwa kwanza, mara nyingi kwa dawa ya manitoli.

Kwa awamu, nyuzi za nailoni 10-0 hutolewa zote, mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Baada ya uzi wa mwisho subiri miezi mitatu hivi, kisha pima topografia (ramani ya mkunjo wa konea) mara mbili kwa nafasi ya wiki kadhaa. Majibu yakilingana, ndipo lenzi ipimwe. Astigimatizimu (konea kupinda zaidi upande mmoja) ikiwa na mpangilio, hata lenzi ya toriki, inayoirekebisha, inafaa. Gharama yake: matone ya steroidi hukomaza mtoto wa jicho upesi, na upasuaji wa pili huua baadhi ya seli za endotheli (tabaka la ndani linaloiweka konea angavu) za konea mpya. Omba seli zihesabiwe kabla, na uulize matone yataongezwa vipi kuzuia mwili kuikataa konea.

Haya yote ni ya konea nzima. Mwenye ugonjwa wa Fuchs, unaoharibu endotheli, anayebadilishiwa tabaka la ndani tu, kwa DMEK (tabaka jembamba sana) au DSAEK (nene kidogo), sioni sababu ya kumgawia upasuaji mara mbili kama mtoto wa jicho tayari yupo. Mkunjo wa mbele haukatwi, hesabu inashika. Ila namba hulengwa kwenye minasi kidogo (jicho la kuona karibu), kama −0.75 hadi −1 kwa DMEK na zaidi kidogo kwa DSAEK, kwa kuwa jicho husogea upande wa plasi (wa kuona mbali) baadaye. Kataa lenzi ya akriliki haidrofiliki (plastiki inayofyonza maji): hewa au gesi inayobana tabaka jipya inaweza kuifanya iweke chokaa na kupata ukungu. Baada ya upasuaji utalala chali, na ikiwa ni gesi ya SF6, usipande ndege hadi daktari athibitishe imekwisha.

Konea ya kuagizwa hukaa kwenye kimiminika baridi hadi siku 14 tu kwa kawaida, hivyo simu ya kuitwa huja ghafla. Vipimo vya lenzi viwe vimekamilika kabla ya simu hiyo, la sivyo utapimwa harakaharaka asubuhi ya upasuaji.