Kipimajoto cha sikioni kwenye ambulensi: maoni yangu baada ya miaka miwili

Mwanzoni nilikipenda mno. Sekunde mbili tu kinalia, namba imetoka, na mtoto anayelia hata hajatambua kwamba umemgusa. Kabla ya hapo tulikuwa tukibana themomita kwapani na kusubiri, huku mgonjwa akijigeuzageuza, na joto la kwapani lenyewe huwa chini ya lile la ndani ya mwili.

Kisha zikaanza namba za ajabu. Sikio la kulia 36.2, la kushoto 38.4, mtu yuleyule! Nikakilaumu kifaa, kumbe kosa lilikuwa la mkono wangu. Kinatakiwa kielekee kwenye kiwambo cha sikio; usipolivuta sikio kwanza, unapima ukuta wa njia tu. Mtu mzima unalivuta juu na nyuma, mtoto mchanga nyuma tu. Nta ikijaa, namba hushuka. Sikio lililolaliwa kwenye mto hupandisha. Na ile lenzi ndogo, alama ya kidole tu inatosha kukudanganya, kwa hiyo naifuta kwa pamba yenye spiriti kila ninapoanza zamu na kuiacha ikauke.

Hayo yote ningeyasamehe. Ila usiku mmoja tulimchukua mzee aliyeopolewa majini. Kifaa kiliandika "Lo", yaani joto ni la chini mno. Nikajaribu sikio la pili, 35.3. Nikataka kuiamini, maana ni namba ya kutuliza moyo, lakini mzee alikuwa hatetemeki tena, ulimi mzito kama wa mlevi, mapigo 44 kwa dakika. Aliyeacha kutetemeka kwa namna ile hawezi kuwa na nyuzi 35. Tukamvua nguo zilizolowa, tukamfunika, tukambeba polepole kama yai, kwa sababu moyo uliopoa sana unaweza kuvurugika kwa kutikiswa tu. Hospitalini walitumia kipimajoto cha njia ya haja kubwa kinachosoma joto la chini: 30.1.

Baadaye nikakigeuza kile changu. Nyuma kimeandikwa kwa herufi za sisimizi nyuzi kinazoweza kupima: 34 hadi 42.2. Miaka miwili mkononi, sijawahi kusoma!

Kwa aliyeanguka kwa joto kali naye siku hizi sikitegemei. Mtu akichanganyikiwa na ngozi inawaka, kinachotakiwa ni joto la ndani, ambalo huweza kuwa limeshapita 40 wakati sikio linasema lingine. Kumpoza naanza palepale, namba itanikuta njiani.

Kwa homa za kawaida na kuwapanga wagonjwa kwa haraka nakipa nyota nne. Kwa aliyepoa sana au aliyeanguka kwa joto kali, moja, nayo ni ya huruma. Vifuniko vyake vya plastiki pia huisha upesi, na kikilala kwenye gari lenye baridi lazima ukiache kama nusu saa kizoee. Sijakitupa. Nimekibandika plasta mgongoni yenye "34–42.2" kwa kalamu nene, na mfukoni mwa begi, pembeni yake, kipo kile cha kusoma joto la chini.