Modi ya Kudhibiti Mwanga Kama Kigezo cha Kununua Kamera: Ipi Itangulie

Karibu kila kamera ya kubadilisha lenzi inayouzwa leo, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, ina modi nne zile zile za kudhibiti mwanga ambazo Canon A-1 ilizikusanya katika mwili mmoja mwaka 1978: P (kamera huchagua kasi ya shata na tundu la lenzi), S (wewe huchagua kasi, kamera huchagua tundu), A (wewe huchagua tundu, kamera huchagua kasi) na M (wewe huchagua vyote viwili). Canon na Pentax huandika Tv badala ya S, na Av badala ya A, lakini kazi ni ile ile. Kwa kuwa modi hizi zipo kila mahali, mnunuzi hana sababu ya kulipia wingi wake. Anachopaswa kukipima ni jinsi kamera inavyomwezesha kuitumia ile modi moja atakayokaa nayo siku nzima, na hapo ndipo kamera mbili za bei moja hutofautiana sana.

Nafasi ya kwanza naipa A bila kusita. Katika modi hii mpigapicha huchagua ukubwa wa tundu la lenzi, tuseme f/2.8 ili mandhari ya nyuma ififie, nayo kamera hukokotoa kasi ya shata. Kwa harusi, mahafali, picha za bidhaa na picha za mtaani, haya ndiyo maamuzi yanayobadilisha sura ya picha, na mengine yote ni hesabu ambazo mashine huzifanya haraka kuliko sisi. Hatari yake hujitokeza ukumbini baada ya jua kutua: mwanga ukipungua, kamera hushusha kasi hadi 1/15 ya sekunde, na wanaocheza hutoka kama ukungu. Dawa ni ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya kujirekebisha inayokubali kuwekewa kasi ya chini kabisa, kwa mfano 1/160, ili kamera ipandishe ISO kabla ya kushuka chini ya hapo. Nikon huruhusu jambo hili hata kwenye kamera za bei ya chini kama D3500, ilhali Canon 700D, ambayo bado ina wateja wengi katika soko la kamera zilizotumika, humpa mtumiaji kikomo cha juu cha ISO tu. Ningekuwa nachagua kati ya hizo mbili kwa ajili ya kupiga shughuli za jioni, tofauti hii ingenitosha kuamua.

Jambo la pili la kukagua katika modi A ni kitufe au gurudumu la kufidia mwanga. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo shela jeupe likijaa kwenye fremu hutoka la kijivujivu hadi uongeze +2/3 au +1, na suti nyeusi mbele ya ukuta wa giza hupauka hadi upunguze. Uso wa ngozi nyeusi uliogeuzia dirisha mgongo ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu kamera huliona dirisha na kuusahau uso, na bila fidia ya kuongeza mwanga hubaki kivuli kitupu. Marekebisho haya hufanywa mara nyingi sana kwa siku, hivyo kamera inayokulazimisha kuingia kwenye menyu kuyafikia haifai kazi ya malipo.

Nafasi ya pili ni M. Kwa studio na taa za flashi haina mbadala: unaweka kasi isiyozidi ile inayoafikiana na flashi, ambayo katika kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, unachagua tundu, na picha mia moja za pasipoti zinatoka na mwanga mmoja. Ukiiunganisha na ISO ya kujirekebisha, M hufaa pia kwa ndege na wanyama wanaokimbia, kwani unashikilia 1/2000 na f/5.6 na kuiachia kamera ISO. Pentax waliitengea njia hiyo modi yake, TAv, tangu K10D ya mwaka 2006. Hata hivyo, M inadai magurudumu mawili. Canon 2000D ina moja tu, hivyo kubadili tundu kunahitaji kubonyeza kitufe kingine huku ukizungusha. Canon 80D na Nikon D7200 zina mawili, na mkono huhisi tofauti hiyo ndani ya dakika chache.

S inashika nafasi ya tatu. Hufaa kwa magari ya Safari Rally ukifuatisha kamera kwa 1/60 ili magurudumu yaonekane yakizunguka, na kwa ukumbi wenye taa zinazopepesa, ambako umeme wetu wa Hz 50 hufanya 1/50 au 1/100 ipunguze mistari kwenye picha. Udhaifu wake ni kwamba lenzi ya 18-55, ile inayouzwa pamoja na kamera nyingi, hufika mwisho wa tundu lake upesi, na picha ikawa giza.

P ni ya nne, nayo hudharauliwa kupita kiasi, maana gurudumu hukuruhusu kuhamisha mchanganyiko wa kasi na tundu ulioteuliwa na kamera. Modi za kijani na zenye vipicha vya milima na maua hazina nafasi katika orodha hii, hata muuzaji azisifie namna gani. Baadhi huwasha flashi zenyewe au kukufungia fidia ya mwanga.

Fujifilm nyingi za mfululizo wa X-T hazina gurudumu la modi: ukiweka gurudumu la shata kwenye herufi A na kuchagua tundu kwenye pete ya lenzi, tayari uko kwenye modi A. Mimi naupenda mpangilio huo, ila ujue kwamba baadhi ya lenzi zao za bei nafuu hazina pete yenye namba.

Dukani, omba lenzi ifungwe. Weka A, elekeza kamera chini ya meza kisha kwenye taa, na uone kama kasi inabadilika inavyotarajiwa. Hamia M, zungusha kila gurudumu polepole hatua kwa hatua. Likiruka namba au kurudi nyuma, limechakaa, na gharama ya fundi ikatwe kwenye bei kabla hujatoa pesa.