“Dada, nitolee ile h yangu”: maoni yangu kuhusu Google Scholar

Saiba yangu iko Tudor, hapa Mombasa, karibu na TUM, chuo ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Poli. Kazi zangu ni zile zile za saiba yoyote: ritani za kodi, fomu za mkopo wa wanafunzi, kupiga chapa, kutoa kopi, kufunga tasnifu. Lakini nina wateja wa aina nyingine, wahadhiri na watafiti wa mambo ya tiba, ambao huja msimu wa kupandishwa vyeo ukikaribia, faili kwapani, na ombi moja: “Dada, nitolee ile h yangu.” Hiyo h ni tarakimu inayopatikana kwa kuhesabu makala za mtafiti na mara ambazo wengine wamezirejelea, yaani wamezitaja katika kazi zao. Kwa ajili yao nimeizoea Google Scholar, chombo cha Google cha kutafuta makala za kitaaluma, kuliko baadhi ya wenye shahada tatu, na kwa vile mimi sina cheo ninachogombania, naweza kuisema ilivyo.

Kama chombo cha kutafuta makala na kujua nani amezitumia, naipa nyota tano. Kama kipimo cha mtafiti, mbili, na hizo ni kwa sababu ni ya bure.

Bure yake ni ya kweli. Hudaiwi akaunti ili utafute, inafunguka kwenye simu yoyote na haimalizi bando. Wahandisi wawili wa Google, Anurag Acharya na Alex Verstak, ndio walioianzisha mwaka 2004. Unaandika kichwa cha makala, inakuletea, na chini yake unakuta mstari mdogo wa viungo ambao watu wengi hawaushughulikii. Viungo viwili vya pale ndivyo vinavyonilipia kodi ya chumba.

Cha kwanza ni kile cha matoleo yote. Mwanafunzi wa maabara anaweza kukuta jarida linamdai dola 30 au zaidi kwa makala moja, pesa ambayo kwake ni chakula cha siku kadhaa. Ukibofya matoleo yote, mara nyingi utakuta nakala aliyoiweka mwandishi mwenyewe kwenye hazina ya chuo chake, au ile iliyo wazi kwa umma PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba. Na si wizi, nakala hizo zimewekwa hapo zisomwe.

Cha pili ni orodha ya waliorejelea makala hiyo. Hapa ndipo chombo kinapoonyesha thamani yake, na ndipo ninapogombana na wateja wangu, maana wao wanataka tarakimu iliyo kwenye kiungo na mimi nawaambia wakifungue.

Chukua mfano wa jirani zetu, Kilifi. Mwaka 1996 Nevill, Snow, Marsh na wenzao walichapisha jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa lililofanywa kule. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa hospitalini kwa malaria kali kukapungua kwa asilimia 44. Leo mtu wa Likoni au Mtopanga akipewa chandarua kliniki ya wajawazito, jaribio lile ni sehemu ya sababu. Sasa tazama marejeleo yalivyokwenda. Christian Lengeler, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ile, aliandika mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya vyandarua kutoka nchi mbalimbali, Gambia na Ghana zikiwemo. Tangu hapo anayeandika kuhusu vyandarua hana haja ya kutaja jaribio moja moja, anataja mapitio na kuendelea na safari. Mapitio yanavuna, na majaribio yaliyoyazaa yanabaki na kidogo. Mtu akisoma tarakimu peke yake atadhani Kilifi walifanya kazi ndogo. Akifungua orodha, akayakuta yale mapitio humo ndani, kisha akafungua orodha ya mapitio yenyewe, ataona jinsi matokeo ya kijiji yalivyofika mbali.

Mfano wa pili pia ni wa huku kwetu, na manesi wanaokuja kuchapisha vyeti vyao wanaujua vizuri kuliko mimi. Ni makala ya Kathryn Maitland na wenzake ya mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Walishirikisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Hospitali ya Kilifi ilikuwa mojawapo. Baadhi walimiminiwa dripu nyingi kwa haraka, jambo lililokuwa limezoeleka katika miongozo ya matibabu, na wengine wakapewa maji ya kawaida ya kumtunza mgonjwa tu. Baada ya saa 48, waliofariki kati ya waliomiminiwa walikuwa asilimia 10.6 au 10.5, kutegemea aina ya maji. Kati ya wasiomiminiwa, 7.3. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Makala hiyo imerejelewa zaidi ya mara elfu moja. Lakini ifungue orodha usome vichwa. Wamo waliokubali na kutaka miongozo ibadilishwe. Wamo waliobisha, wakisema matokeo ya hospitali zisizo na wodi ya wagonjwa mahututi hayafai kupelekwa penye mashine za kupumulia. Wamo wanaochimba ni kwa nini maji yale yaliwadhuru watoto. Kwa Scholar wote hao ni moja, moja, moja. Mpingaji anaongeza hesabu sawasawa na mfuasi. Kuna kisanduku kidogo juu ya orodha cha kutafuta ndani ya waliorejelea: kitie tiki, andika neno la Kiingereza la miongozo, “guidelines”, na utabaki na makala chache zenye uzito. Sijui kwa nini watu hawakitumii.

Ukitaka kuona ubaya wa hesabu isiyobagua, tazama makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji kwa kutumia watoto 12. Jarida liliifuta mwaka 2010. Imerejelewa maelfu ya mara, na wengi wao wanaitaja ili kuikosoa. Upande mwingine, mojawapo ya makala zilizorejelewa kupita zote katika sayansi, ile ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, yenye marejeleo zaidi ya 300,000, ni njia ya kupima protini katika maabara. Haikugundua ugonjwa wala dawa. Imefaa kazi za watu wengi, basi.

Tuje kwenye h yenyewe. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, aliipendekeza mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi: tuseme 40, 22, 9, 6, 5, 3. Shuka ukihesabu nafasi. Ya tano ina marejeleo matano, ya sita ina matatu tu, kwa hiyo h yako ni 5. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 40 hadi 4,000, ibadili matibabu ya dunia nzima. h yako bado ni 5. Mteja mmoja nilipomwonyesha hesabu hii kwenye karatasi alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimesomea takwimu. Nikamwambia nimesomea kuulizwa swali moja kila msimu.

Halafu h haishuki. Mtafiti akistaafu, akae baraza lake la Mji wa Kale akinywa kahawa chungu na kashata, h inaweza kuendelea kupanda. Ndiyo maana kumlinganisha mzee wa miaka thelathini kazini na binti aliyemaliza uzamifu juzi ni dhuluma, na bado nawaona wanavyolinganishwa.

Kasoro za Scholar yenyewe zinajulikana. Haitoi orodha kamili ya majarida inayoyapitia. Inahesabu tasnifu, ripoti, na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, kwa hiyo tarakimu zake kwa kawaida huzidi zile za Scopus, hifadhidata nyingine ya makala na marejeleo. Kwa upande mmoja hilo linatusaidia, maana majarida mengi ya Afrika ambayo Scopus haiyaoni, Scholar inayaona. Kwa upande mwingine linafungua mlango wa ujanja. Mwaka 2012 watafiti wa Granada, Uhispania, waliandika makala sita za uongo kwa jina la mtu asiyekuwepo, Pantani-Contador, wakaziweka kwenye tovuti ya chuo. Zikaongeza marejeleo 774 kwa makala 129. Jina lenyewe walilitoa kwa waendesha baiskeli wawili waliopata kashfa za dawa za kuongeza nguvu. Wahispania wana utani.

Na majina, Yarabi. Mfumo hufupisha jina la kwanza kuwa herufi moja na kukisia makala ni za nani. Sisi Wapwani wenye akina Ali, Said, Omar na Salim tunaumia zaidi. Ukiacha wasifu wako uongeze makala wenyewe, unaweza kuamka una utafiti wa mifupa uliofanyika Cairo. Badilisha mpangilio ili wakuulize kwanza kwa barua pepe, na jisajili ORCID, ile namba ya tarakimu 16 inayokutenganisha na majina wenzako. Haina malipo.

Kwa watu wa tiba huwa naongeza dawa moja ambayo wengi hawaijui: iCite, ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Nayo ni bure, haidai akaunti. Inalinganisha makala yako na makala za uwanja wako, yaani zile zinazorejelewa pamoja nayo, na 1 ni kiwango cha makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na taasisi hizo. Inakuonyesha pia ikiwa makala yako imerejelewa na majaribio au miongozo ya kitabibu. Nina mteja anayetafiti kichocho. Uwanja wake ni mdogo, na kwenye Scholar anaonekana mnyonge mbele ya mwenzake wa saratani. Tulipoingiza makala zake iCite, kadhaa zilipita 1. Alitoka pale akitembea tofauti. Tatizo lake ni kwamba inajua zilizomo PubMed, orodha kubwa ya makala za tiba, tu, na kazi iliyotoka kwenye jarida dogo la hapa haitaonekana kabisa.

Scopus siizungumzii sana kwa sababu data zake kamili ni za kulipia, na chuo kisipolipia mimi siwezi kumsaidia mtu. Lakini uliza mapema kamati yako inataka tarakimu za wapi. Zingine hazikubali za Scholar, na si jambo la kugundua siku ya mwisho, stima imepotea na foleni imefika barabarani.

Ukija kuchapisha wasifu wako, kwangu au kwa mwingine, kumbuka kwamba ukurasa hufunguka na makala 20 tu. Bofya cha kuonyesha zaidi mpaka ziishe ndipo upige chapa, na uandike tarehe juu ya karatasi, kwa sababu wiki ijayo tarakimu zitakuwa nyingine na mtu wa kamati atakuuliza. Usichapishe orodha nzima ya waliorejelea. Chagua watano au sita walioitumia kazi yako kweli, eleza kila mmoja kwa sentensi mbili aliifanyia nini, ambatisha. Ukurasa mmoja, shilingi kumi.