Eti ni jasho langu: suti ya mvua ya skuta niliyonunua Kariakoo

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikizidisha mahali mnivumilie.

Natumia skuta kwenda kazini hapa Dar, Kimara mpaka Posta, huu mwaka wa tatu. Masika haya nilijiapiza sirudii ya mwaka jana: kujibanza chini ya daraja pale Ubungo na bodaboda wasiohesabika, kila mtu kaangalia mawingu, na saa ya kuripoti inapita. Nikaingia Kariakoo. Mtaa siutaji, duka silitaji. Nikauziwa suti ya mvua, koti na suruali yake, Sh 65,000, bei imeanzia 90,000. Nikatoka pale najiona mjanja wa mjini.

Kijana wa dukani, mchangamfu kweli, alichukua chupa ya maji akamwagia koti begani mbele yangu. Maji yakateleza kama yapo juu ya jani la mgomba. "Umeona dada? Hata tone." Nikaona. Ila bega lenyewe ni kitambaa kitupu, halina mshono hata mmoja, na hilo sikulishika mpaka nilipolia.

Mwenye skuta haanzi kulowa begani. Umekaa kama kwenye kiti, miguu mbele, na maji yote yanayoshuka kifuani yanakusanyika mapajani, yanafanya kidimbwi. Pale katikati ndipo mishono minne ya suruali inapokutana. Wewe umekalia, unatikisika kila tuta, maji yanasukumwa kupitia vitundu vya sindano. Mvua ya kwanza ya maana ilinikuta Magomeni. Nilipofika ofisini nikavua suti kwenye korido, nikaangalia suruali yangu ya kijivu: mduara, pale pale, kama mtoto wa chekechea aliyeshindwa kuomba ruhusa. Na kikao saa tatu. Nilikaa kikao kizima na faili mapajani, hata chai sikuinukia.

Haya, vitu vinaharibika, naelewa. Nikarudi dukani wiki hiyo hiyo au iliyofuata, suruali nimeikunja vizuri, salamu nimetoa vizuri. Yule kijana akaigeuza, akaipapasa, akanitazama juu mpaka chini, kisha akatangaza duka zima lisikie: "Dada, haya siyo maji ya mvua. Hili ni jasho lako. Wewe unatoka jasho sana."

Wateja wawili wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa anajaribu mabuti akaacha buti moja hewani anitazame vizuri.

Nina watoto wawili. Hakuna mtu niliyempa hela yangu mkononi aliyewahi kunitangazia jasho la mapajani mbele za watu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nakuomba uniheshimu." Akanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa kucha ya kidole gumba, hivi, akipigapiga juu ya yale maneno. Hiyo kucha naiona mpaka leo.

Usiku ule sikulala. Jumamosi nikavaa suti yote nikakaa juu ya skuta uani, nikamwambia binti yangu animwagie ndoo nzima, jagi baada ya jagi, bila huruma. Majirani walichungulia, wachungulie tu. Jagi la tatu, suruali ikapitisha. Nikapiga kelele ya ushindi! Halafu nikavua koti, nikajishika mgongo. Mkavu. Kifua kikavu, mikono mikavu. Mgongo ule ule ambao siku ya kikao ulikuwa chapachapa.

Kwa hiyo mgongoni lilikuwa jasho kweli. Lile plastiki halipumui, na kwa joto la Dar unatota kwa ndani hata mvua isiponyesha. Sijui kama mnaelewa inavyouma, mtu amekudhalilisha halafu nusu ya maneno yake ni kweli.

Nikazigeuza nje ndani. Mishono ya koti ina utepe mwembamba unaong'aa, umebandikwa kwa moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Suruali haina, ni uzi mtupu. Suti moja, rangi moja, utadhani zimeshonwa na watu waliogombana. Ukienda kununua, geuza suruali uangalie huo utepe kabla hujatoa hela. Chupa ya begani muachie mwenyewe.

Na msidhani koti la mvua linakukinga na kitu kingine. Niliteleza juu ya michoro ya zebra, imelowa ile inakuwa kama sabuni, mwendo wenyewe wa kusukuma mkokoteni. Mkono wa koti ulichanika kama karatasi ya pipi, na kiwiko changu kikafuata. Hilo nalo nilimlaumu yule kijana siku nzima, ingawa zebra hakuipaka yeye. Sasa hivi chini ya koti navaa jaketi la ngozi la mtumba kutoka soko la Karume, lina vipande vigumu kwenye viwiko na mabega. Joto lake msiniulize. Natoka jasho, ndiyo, andikeni.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini ule mkono wa koti uliochanika nimeushona, nimeubandika, na juzi koti limenivusha Jangwani mvua imelala kwa upepo, hadi nikafika nimekauka kuanzia kiunoni kwenda juu. Ukweli ni ukweli, koti ni zuri. Koti nyota nne. Suruali sifuri. Duka... mwenye duka mwenyewe, mzee mmoja mpole, alikuja kunipigia simu, akaniomba radhi, akasema niilete suruali wanibadilishie. Nikasema kumbe kuna watu. Nikaipeleka siku hiyo hiyo. Mzee hakuwepo, akaipokea yule yule wa kucha, akaitupa nyuma ya kaunta, akasema njoo Jumatatu.

Jumatatu zimepita tatu. Simu ya mzee haipokelewi. Suruali wanayo wao.