Huduma ya Ushauri Nasaha kwa Wenye Hepesi: Kliniki Moja ya Malindi

Anayepatikana na malengelenge ya sehemu za siri, yaani hepesi, hupewa dawa upesi, lakini ni nadra kuulizwa ataishi vipi na hofu ya kukataliwa. Ndiyo sababu naisifu huduma ya ushauri nasaha ya kliniki moja ya kibinafsi hapa Malindi, niliyoiendea baada ya kupatikana na virusi vya aina ya pili wakati posa yangu ikizungumzwa nyumbani.

Mshauri ni mama wa makamo, na tangu mwanzo aliniita mwanangu. Hakuniuliza nimeyapata kwa nani. Alinieleza kwamba virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu na vinaweza kukaa miaka bila dalili, kwa hiyo malengelenge ya kwanza kuonekana si ushahidi wa usaliti wa juzi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 500 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi vya aina hii ya pili. Kwangu mimi, niliyekuwa nimeacha kula na kulala, habari hiyo ilikuwa na uzito kuliko maneno mengi ya kuliwaza.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kunifanyisha mazoezi ya kumwambia mchumba wangu: nichague wakati wa utulivu kabla ya mahari kupokewa, niseme kwa ufupi, nisijieleze kama mkosaji, kisha nimwache akafikiri. Hakuniahidi kwamba atakubali, nami namshukuru kwa hilo. Mchumba alipotaka kujua zaidi, tulikwenda pamoja, akaambiwa wazi kwamba maambukizi yanaweza kutokea hata pasipo vidonda, kwamba kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba dawa ya valasiklova ikimezwa kila siku hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzi kwa karibu nusu. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu watoto. Alijibiwa kwamba hatari kubwa kwa mtoto ni mama kuambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba, na kwamba mama mwenye virusi tangu zamani humwarifu mkunga mapema ili aangaliwe.

Mapokezi, hata hivyo, hayalingani na huduma ya ndani. Jina huitwa kwa sauti na shida huulizwa dirishani, mbele ya watu wanaojua ukoo wako na mtaa wako, ilhali kuita kwa nambari badala ya majina kungetosha. Ada ya shilingi 1,500 kwa kikao nayo ni nzito kwa vijana wengi, hasa wanaohitaji kurudi mara kwa mara.

Anayetaka kwenda na mchumba wake aseme anapopanga miadi, kwa kuwa vikao vya wawili huchukua muda mrefu zaidi na hufanyika Alhamisi pekee.